Kipande Kisichochimbwa

Watu wakisikia habari ya mlima kuporomoka, swali lao la kwanza ni mvua ilikuwa kubwa kiasi gani. Mimi huwajibu kwamba mvua ilikuwa ya kawaida. Yalikuwa masika kama masika mengine ya Kisii, ambako mvua hupiga alasiri na mtu hushangaa siku isipopiga. Mlima wetu tuliuporomosha wenyewe, tena tukiwa katika kazi ya kuulinda. Najua inavyosikika. Ndiyo maana naiandika nikiwa bado na akili zangu, kabla wajukuu hawajaigeuza kuwa hadithi ya Mungu na ghadhabu yake.

Niliolewa upande wa Marani mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, jambo ambalo mama mkwe wangu alilitaja mbele ya wageni kwa namna ambayo sikujua kama ananisifu au ananishtaki. Mume wangu alikuwa karani kwenye mashamba ya majani chai huko Kericho na alirudi mwisho wa mwezi, akila, akilala, akiondoka. Kwa hiyo ndoa yangu hasa ilikuwa na mama mkwe, na ilikuwa na chemchemi.

Chemchemi hiyo ilitoka chini ya mwamba mguuni mwa kilima, maji safi, baridi ya kuuma meno. Nyumba zote za mgongo ule wa kilima ziliteka pale. Shamba lilikuwa la mtu lakini maji yalikuwa ya ukoo, na hakuna aliyethubutu kuyazungushia ua. Zaidi ya hapo kulikuwa na mto, ng'ambo ya mgongo wa pili. Mwanamke aliyeteka mtoni alishuka, akapanda, akashuka tena, akapanda tena, na mtungi kichwani. Nilifanya hivyo siku chache tu za ukame katika mwaka wangu wa kwanza, nikamwambia mume wangu kwamba chemchemi ikikauka kabisa atanikuta kwa mama yangu. Alicheka. Mimi sikuwa nikicheka.

Ni lazima nieleze mashamba yalivyokaa, maana bila hilo hakuna kinachoeleweka. Kwetu kila nyumba ina ukanda mwembamba wa ardhi unaoanzia juu kabisa ya kilima na kuteremka hadi bondeni. Juu tulipanda pareto, katikati zilikaa nyumba na migomba, chini mahindi na wimbi. Kanda hizo zimelala bega kwa bega, kila moja na mpaka wake wa miti au mawe. Ukanda wetu ulipakana na wa mdogo wa marehemu baba mkwe wangu. Baba mkwe mwenyewe sikumkuta. Huyu mdogo wake, mjane ambaye wanawe walikuwa wametawanyika kutafuta kazi, ndiye aliyekuwa baba kwangu. Nyumba yake ilikuwa katikati ya mteremko, na chemchemi ilitokea chini yake, karibu na mpaka wetu.

Mimi ndiye niliyempikia. Lakini mokamwana, yaani mke wa mwana, hana ruhusa ya kuingia katika nyumba ya baba mkwe, wala kukutana naye uso kwa uso mlangoni, wala kumwona akiwa hajavaa sawasawa, na yeye vilevile hana ruhusa ya kuonekana hivyo. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na watu wameitwa mbele ya wazee kwa kuivunja. Basi nilikuwa nikifika uani kwake, nakohoa, naweka chakula juu ya jiwe, najitenga hadi nyuma ya migomba. Nikiisha kupotea ndipo alipotoka. Tulizungumza hivyo, mimi nikiwa kwenye migomba na yeye kwenye jiwe lake, kila mtu akitazama upande wake.

"Leo mboga ina chumvi," alikuwa akisema.

"Nitapunguza, baba."

"Usipunguze. Nimesema ina chumvi, sijasema imezidi."

Nilimpenda mzee yule. Hakuna aliyenitania katika boma lile isipokuwa yeye. Alikuwa fundi wa mipini ya majembe, na wakati mwingine nilikuta jembe langu limeegemezwa kwenye mgomba likiwa na mpini mpya, umelainishwa vizuri, mfupi kidogo kuliko wa wengine kwa sababu mimi si mrefu. Hakuwahi kulisema wala sikuwahi kumshukuru kwa mdomo. Siku hiyo nilimwongezea nyama ikiwa ipo.

Mambo ya chemchemi yaliharibika pole pole. Kamati ya ardhi ilipokwisha kupita na kupima mashamba, kila mtu alitaka kukitumia kipande chake mpaka unyasi wa mwisho, asije mtu akasema ni kichaka. Miti ya juu kilimani ikakatwa. Pareto ikapanda hadi kwenye kilele. Tangu hapo mvua ilipopiga, udongo wa juu ulishuka nao, mwekundu, ukapita katikati ya mahindi na kuishia chemchemini. Kila asubuhi baada ya mvua tulikuta tope, tukalizoa kwa mikono kabla ya kuteka. Watoto wakaanza kuugua matumbo. Jirani yetu mmoja alizika watoto wawili katika msimu mmoja wa masika, na baada ya hapo hakuna mwanamke aliyehitaji kuhubiriwa.

Bwana shamba alikuja wakati huo, kijana wa Kikamba mwenye pikipiki na viatu visivyofaa kwa tope letu. Kwa kuwa nilikijua Kiswahili, mimi ndiye niliyefanywa mkalimani. Alisimama juu ya pareto, akaonyesha kwa mkono kutoka upande wa kanisa hadi upande wa pili, kwenye korongo la mawe ambalo hakuna aliyelima.

"Maji haina mpaka, mama," alimwambia mama mkwe. "Ukikimbiza yeye, anakimbia na shamba yako. Ukifundisha yeye kutembea, anatembea. Chimba mtaro moja, ikate kilima yote, ipeleke maji pole pole mpaka kwa ile mawe. Huko atapiga kelele yake na hataumiza mtu."

Nikatafsiri. Mama mkwe aliliangalia korongo, akaiangalia chemchemi huko chini, akauliza nani atachimba. Bwana shamba akasema kila mtu kipande chake. Mama mkwe akasema hapana, tutachimba kwa risaga.

Risaga ni kazi ya zamu. Majirani hukusanyika leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba hulisha watu. Zamani walilishwa pombe, lakini sisi tulikuwa Wasabato na Wakatoliki, kwa hiyo ilikuwa uji wa wimbi. Jumamosi Wasabato hawachimbi, Jumapili Wakatoliki hawachimbi, na Jumatatu ni soko Marani. Bwana shamba alipoambiwa hivyo alikuna kichwa akauliza kama kilima nacho kimeokoka kipate kuwasubiri. Wanawake walimpenda kuanzia hapo.

Risaga ina sheria zake, na mbili ndizo zinazohusika hapa. Kwanza, zamu ni zamu. Aliyechimbia wengine lazima achimbiwe, na siku yake haiwezi kuliwa na mtu. Pili, anayekataa risaga huachwa. Hapigwi, hatukanwi, anarukwa tu, na risaga inaendelea kwa mwingine. Ni sheria nzuri. Imelima mashamba ya wajane na wagonjwa miaka mingi bila chifu wala polisi. Sitaki mtu asome habari hii aseme kwamba tulikuwa washamba.

Mzee alikataa. Kazi ilipokaribia mpaka wake tukaitana mkutano, naye akaja mwenyewe, akasimama mbali kidogo kwa sababu yangu, akazungumza akitazama upande wa pili.

"Mtaro ni mpaka," alisema. "Mimi nimekwisha kuliwa na mtaro mmoja. Sitaki wa pili."

Kila mtu pale alijua anachozungumzia. Wakati wa ukoloni askari wa chifu walikuwa wamewalazimisha watu kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, na yeye akiwa kijana alichapwa viboko mbele ya mama yake kwa kuchelewa kufika. Mtaro mmoja ulipita kwenye shamba lake, ndani kidogo ya mpaka wake na wa kaka yake. Miaka ikapita, kaka akafa, kamati ya ardhi ikaja. Wazee wa kamati waliuona mtaro, wakasema huu ndio mpaka, na mama mkwe wangu, mjane mwenye watoto wadogo, hakuwasahihisha. Kipande kilichobaki upande wetu hakikuwa kikubwa. Lakini ndani yake lilikuwamo kaburi la mama yao. Tangu siku hiyo mzee akitaka kung'oa magugu kwenye kaburi la mama yake alilazimika kuingia katika shamba la watu.

"Kamati ndiyo iliyoamua," mama mkwe akasema.

"Kamati haikuzaliwa hapa. Wewe umeolewa hapa, na ulijua."

"Shemeji, hii ni habari ya maji, si habari ya kaburi."

"Basi waambie wayachimbie maji kwako. Kwangu hapana."

Bwana shamba aliniuliza wanasema nini. Nilimwambia yote, hata kaburi. Akasema neno ambalo nililitafsiri taratibu ili kila mtu alisikie. Alisema kama mzee hajakubali, kazi isimame. Mtaro usiachwe mdomo wazi kwenye mpaka wake, kwa sababu maji ya kilima kizima yatamwagika pale pale.

Walisikia. Sitaki kusema kwamba hawakusikia. Lakini zamu ilikuwa imekwisha kupangwa na nyumba nne tayari zilikuwa zimechimbiwa. Nyumba mbili za ng'ambo ya mzee, karibu na korongo, zilikuwa zimechimbia wenzao wiki nzima na zilidai siku zao. Ungewaambiaje kwamba wao hawatachimbiwa kwa sababu ya mtu mmoja mkaidi? Mama mkwe akasema risaga haikai chini kumngoja mtu. Tukaruka. Tulichimba hadi kwenye mpaka wa mzee, tukabeba majembe, tukapita juu ya nyasi zake bila hata kuzikanyaga vibaya, tukaendelea kuchimba upande wa pili. Kipande chake kikabaki kizima katikati.

Ulikuwa mtaro mzuri, na kazi ile ilikuwa na raha yake. Tuliimba. Tulipanda nyasi za nepia ukingoni kama tulivyoambiwa. Majembe mengi yaliyouchimba yalikuwa na mipini ya mzee, na hata mipini iliyovunjika katika kazi hiyo yeye ndiye aliyeitengeneza. Wanawake walimpelekea ile iliyovunjika na yeye akairudisha ikiwa mizima, bila kusema lolote la mtaro. Mwanamke mmoja alisimama pale tulipoishia, akatazama ule mdomo wazi, akasema, "Mvua ndiyo itakayomsemesha." Watu wakacheka. Mama mkwe akaongeza ile methali ya shuleni, mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, tukacheka zaidi kwa sababu kwetu hakuna aliyewahi kuiona Idi.

Bwana shamba alirudi mara moja tu. Alipoona tulichofanya alishika kiuno, akasema twende tuuzibe mdomo kwa mawe kabla ya masika. Mama mkwe akakubali. Nina hakika alikubali kwa moyo. Lakini bwana shamba alihamishiwa kwingine, mbegu za mahindi zikaja, watu wakashughulika kupanda, na kuziba mdomo haikuwa zamu ya mtu. Risaga haina siku ya kazi isiyo na mwenyewe. Kila nyumba ilikuwa imepata haki yake, na ule mdomo ulikuwa mpakani, nusu wetu nusu wake.

Masika yalianza. Mtaro ulifanya kazi yake barabara. Maji yaliyokuwa yakikimbia ovyo sasa yalitembea kama tulivyofundishwa, yakikusanyika nyumba baada ya nyumba, yakafika kwenye mpaka wa mzee yakiwa mengi na kumwagika ndani ya shamba lake. Mahindi yake ya juu yalikwenda wiki ile ya kwanza. Na hapa ndipo moyo unaponiuma kupita mahali pengine, kwa sababu chemchemi ilisafika. Udongo haukufika tena chini. Wanawake walikuja kuteka asubuhi baada ya mvua, wakakuta maji meupe, wakapiga vigelegele. Maji yote ya kilima yalikuwa yakizama juu ya nyumba ya mzee, yakiingia ardhini, na sisi tukisherehekea.

Mzee hakulalamika. Alikata magogo ya migomba, akayapanga peke yake kwenye mpaka, akayashindilia udongo. Mvua ikayabeba. Akapanga mengine. Nilimwona kutoka mbali, mgongo umepinda, koti limelowa, nikamwambia mama mkwe kwamba yatosha sasa, twende tukamsaidie. Aliniambia kwamba akitaka msaada ana mdomo. Nilikwenda mimi nyuma ya migomba nikamwambia mzee ninavyoona, kwamba aje aseme neno moja tu, watu watakuja hata leo.

"Wanajua njia," akanijibu. "Walipita hapa na majembe yao. Warudi nayo waniombe radhi, nitachimba pamoja nao."

"Baba, mtangojeana mpaka lini?"

"Leo umeleta viazi vitamu?"

"Ndiyo, baba."

"Basi nenda, vitapoa."

Kiburi si maungwana, lakini sijui ni nani kati ya wawili wale aliyekuwa na haki ya kuambiwa hivyo. Yeye alikuwa amenyang'anywa kaburi. Mama mkwe alikuwa na watoto waliokuwa wakinywa tope. Nilikuwa na miaka michache tu ya ndoa, nikipeleka chakula kwa mmoja na kulala kwa mwingine, na wote wawili nilikuwa nikiwaheshimu na kuwakasirikia.

Asubuhi ya siku yenyewe hakukuwa na mvua. Ilikuwa imenyesha jana yake na usiku, kisha ikaacha, jua likatoka, migomba ikametameta. Nilishuka na mtungi kama kawaida. Chemchemini maji hayakuwapo. Mwamba ulikuwa umelowa lakini chini yake palikuwa na unyevu tu. Nilisimama nikidhani nimekuja mapema mno, mawazo ya kijinga ambayo mtu huwa nayo. Halafu maji yakaja, lakini yalitoka pembeni, mahali ambapo hayajawahi kutoka, mazito na mekundu, yakitoa sauti ya kububujika. Nikatazama juu. Mgomba mmoja karibu na nyumba ya mzee ulikuwa umeinama, na nilipokuwa nikiutazama ukainama zaidi, bila upepo.

Niliacha mtungi nikapanda mbio. Juu ya nyumba yake ardhi ilikuwa imepasuka, ufa wa kuingiza mguu, umepinda kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Sikukohoa, sikungoja kwenye migomba. Nilikwenda moja kwa moja mlangoni, nikaupiga kwa viganja viwili, jambo ambalo mokamwana hafanyi.

"Baba, toka! Kilima kinakuja! Toka sasa hivi!"

Ndani nilisikia kitanda. Alikuwa amechelewa kuamka. Baadaye niliambiwa alikuwa na homa kutokana na kulowa kwenye magogo yake.

"Nani?" akauliza.

"Ni mimi! Kilima kinapasuka, toka!"

"Nimekusikia, mama," akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu anayemtuliza mtoto. "Toka mlangoni. Sijavaa."

"Toka hivyo hivyo, baba!"

"Mama, nakuomba. Ondoka hapo mlangoni. Natoka sasa hivi."

Nilijua hatatoka nikiwa pale. Nilimjua. Angekufa kabla ya kufungua mlango na kusimama mbele yangu katika hali ile, na niliona kwamba ninavyozidi kung'ang'ania ndivyo ninavyozidi kumfungia ndani. Basi nikaondoka. Nilikimbia hadi ng'ambo ya mpaka, upande wetu, nikampa mgongo kabisa ili asiwe na sababu, nikapiga kelele kwamba nimekwenda, sitazami, toka. Nikasikia komeo likitolewa.

Sikusikia mlango ukifunguka. Nilisikia sauti nyingine, si kubwa kama watu wanavyodhani, kama gunia zito likiburutwa sakafuni. Nilipogeuka hapakuwa na nyumba. Ukanda wake ulikuwa umeondoka, kuanzia usawa wa mtaro hadi bondeni, migomba ikiwa bado imesimama juu ya udongo unaotembea. Ukaufunika mwamba, ukaifunika chemchemi na mtungi wangu, ukasimama. Ukanda wetu ulikuwa mzima. Wa ng'ambo ulikuwa mzima. Mahali nilipokuwa nimesimama hata jani halikuanguka.

Watu walikuja na majembe bila kuitwa. Wasabato na Wakatoliki walichimba Jumamosi ile, wakachimba Jumapili, na hakuna aliyemkumbusha mwenzake siku. Mama mkwe alichimba mstari wa mbele na alipoambiwa apumzike aliwatukana watu kwa maneno ambayo sikujua kwamba anayajua. Walimpata karibu na mlango. Alikuwa amevaa suruali, shati, na koti lake refu la mvua, na vifungo vyote vya koti vilikuwa vimefungwa, hadi cha shingoni.

Wanaume walivishangaa vifungo vile. Mmoja akasema pengine alikuwa ameamka mapema akijiandaa kwenda safari. Mwingine akasema ni ukaidi, mzee hakutaka kuharakishwa hata na kifo. Mimi nilikuwa nimesimama mbali, mahali panaponistahili. Niliwaambia mbele ya wote kwamba alikuwa akivaa kwa ajili yangu, ili atoke mbele ya mke wa mwanawe akiwa mtu kamili, na kwamba kama angekuwa amekuja kuitwa na mwanamume yeyote kati yao angetoka uchi na angekuwa hai. Niliwaambia kwamba sisi ndio tuliomletea kilima. Nililia kwa sauti na nikamtazama mama mkwe machoni nikisema hivyo, jambo ambalo pia halifanywi. Hakuna aliyenikemea.

Nyumba yake haikuwapo, kwa hiyo hakukuwa na ua wa kumzika. Mama mkwe ndiye aliyesema azikwe upande wetu, ubavuni mwa mama yake. Wanawe waliorudi kwa mazishi waliuliza kama huo ni ukarimu au ni dharau. Akamzika hapo, akang'oa magugu ya makaburi yote mawili kwa mkono wake.

Chemchemi tuliitafuta. Tulichimba tope pale tulipodhani mwamba uko, tukaupata mwamba, na chini yake hakukuwa na kitu. Maji yalikuwa yamekwenda njia nyingine ndani ya ardhi na hayakutuaga. Nilianza kwenda mtoni. Nilikwenda mtoni nikiwa na mimba ya kwanza na ya pili na ya tatu, na wanawake wa mgongo ule walikwenda pamoja nami, tukishuka, tukipanda, tukishuka tena.

Masika yalikuwa hayajaisha, na mdomo wa mtaro ulikuwa bado wazi, ukimwaga maji kwenye kidonda kile. Nyumba za chini bondeni zikaogopa. Wana wa mzee wakasema chimbeni, hakuna wa kuwakataza sasa. Tukakusanyika wote, asubuhi, na mama mkwe akaweka sufuria ya uji wa wimbi jikoni kama desturi, kwa kuwa kazi ya risaga huchukua siku nzima na watu lazima wale. Nilishuka kuchochea moto.

Tulikiunganisha kipande kile kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, mtaro wetu wa upande huu na ule wa upande wa korongo, na maji yakaingia pole pole na kwenda zao kwenye mawe. Hatukuimba. Kazi ilipokwisha nilikwenda kuangalia uji, nao ulikuwa hata haujachemka.

Mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni, jembe mapajani, akiyaangalia maji yakipita mahali ambapo kaka na mdogo, kamati na kaburi na viboko vilikuwa vimeyazuia.

"Kumbe ni kipande hiki tu?" akaniuliza. "Mokamwana, ni hiki tu?"

Nilimwambia ndiyo, mama, ni hicho tu. Akaniomba nimsaidie kusimama, na hakuweza.